KUMBE UINGEREZA ILIIFICHA BLACKPOOL! Stori ya Fukwe 27 na Maji Yenye Kinyesi

Wadau, mkienda bichi wikiendi mnaangalia nini kwanza? Mchanga, msosi, sehemu nzuri ya kupiga selfi. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliyoogelea ufukwe mmoja (siutaji) kesho yake ya mvua kubwa. Tumbo liliniendesha siku tatu. Ndipo nikaanza kuchimba historia ya maji ya kuogelea, nikakutana na kituko hiki.

Iko hivi. Desemba 1975 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria: kila nchi itaje sehemu ambako watu wengi wanaogelea, maji yapimwe bakteria wa kinyesi, na yawe safi ndani ya miaka 10. Uingereza nayo ilikuwa mwanachama. Tatizo, miji yake mingi ya pwani ilikuwa inamwaga maji taka mabichi baharini kwa bomba. Kurekebisha ni hela ndefu.

Sasa cheki akili ya wakubwa fulani maofisini. Wakaamua "watu wengi" ni vichwa vilivyomo majini, siyo waliokaa mchangani. Na bahari ile ni baridi balaa! Maelfu wanajazana ufukweni wamejifunika mataulo, wanaozama ni wachache. Orodha ikatoka: fukwe 27 tu, nchi nzima. Blackpool, mji wa starehe wenye mnara wake maarufu tangu 1894, haumo. Brighton haumo. Luxembourg, ambayo haina hata tone la bahari, ilitaja sehemu nyingi kuliko Uingereza. Yaani ni kama Dodoma iizidi Dar kwa bichi.

Kelele zikawa nyingi, na 1987 orodha ikapanda hadi karibu 400. Ila kuandikwa siyo kusafishwa. Mwaka 1990 vijana wa Cornwall wanaoteleza kwenye mawimbi, waliochoka kuumwa matumbo na masikio, wakaanzisha kundi la Surfers Against Sewage. Jamaa waliandamana na nguo zao za baharini, vinyago vya gesi usoni, wamebeba puto kubwa lenye umbo la... kinyesi. Umesoma sawa. 1993 Mahakama ya Ulaya ikasema Uingereza imevunja sheria, na Blackpool imo kwenye hukumu hiyo.

Mvua inahusikaje? Mifereji mingi ya zamani inabeba maji ya mvua na maji taka kwenye bomba moja. Likijaa, ziada inaenda baharini. Jua na chumvi huua bakteria wengi, ndiyo maana kusubiri siku mbili tatu kunasaidia. Kwa macho huoni kitu, maji yanaweza kung'aa kabisa. Ulaya, bahari ya daraja la juu haitakiwi kuzidi E. coli 250 kwenye mililita 100, hicho ni kama kikombe kidogo cha kahawa.

Lile kundi lipo mpaka leo, na lina programu ya simu inayotoa tahadhari maji taka yakimwagwa karibu na ufukwe. Mimi huku sina hiyo programu. Ikinyesha, nabaki mchangani na mishikaki yangu.