Lamadi: Pwani ya Mkoa Wetu



Katika somo la Jiografia tulifundishwa mengi juu ya pwani za watu. Tulichora miamba ya Uingereza inayoliwa na mawimbi, na vijiji vya wavuvi vilivyogeuka miji baada ya kufikiwa na reli. Hadi leo naweza kueleza jinsi Dunwich, bandari kubwa ya Waingereza katika karne ya 13, ilivyomezwa na bahari kidogo kidogo mpaka kikabaki kijiji. Lakini juu ya maji makubwa yaliyo takriban kilometa 70 kutoka Bariadi hatukupata hata kipindi kimoja. Kwa hiyo mhariri aliponiomba makala ya historia, niliona nisiende mbali. Nitaandika juu ya Lamadi.

Lamadi ni mji mdogo wa wilaya ya Busega, ulio kwenye pembe ya mashariki ya Ghuba ya Speke. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inapita katikati yake, na hapo ndipo inapounganika na barabara ya kutoka kwetu Bariadi. Kwa upande wa ziwa kuna mialo ya wavuvi. Kwa upande wa pili, si mbali, kuna Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ni miji michache nchini ambamo mtu huweza kununua dagaa asubuhi na kusikia habari za tembo jioni ya siku hiyo hiyo.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba zamani pwani hii haikuwa yetu. Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, mkoa usiogusa ziwa kabisa, na Busega ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 Serikali ilipounda mkoa wa Simiyu ilichukua Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ikaongeza Busega. Basi pwani tuliipata kwa tangazo la Serikali, na Busega ndiyo wilaya pekee ya mkoa inayofika majini. Tena liko jambo la kuchekesha kidogo: mto Simiyu uliotupa jina, ambao chimbuko lake liko upande wa nyanda za Serengeti na ambao hupita Meatu na Maswa, hauingii ziwani ndani ya mkoa wetu. Huingilia Magu. Karibu na Lamadi maji yanayoingia ghubani ni ya mito Mbalageti na Grumeti.

Jina la ghuba nalo lina kisa chake. John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858, akaliangalia ziwa kutoka nchi kavu kwa siku chache, akarudi Tabora. Hakuwa na chombo cha kusafiria, wala hakuizunguka ghuba inayoitwa kwa jina lake. Aliyeizunguka ni Henry Morton Stanley. Mwezi Machi 1875 aliondoka Kageye, upande wa Mwanza, akaenda mashariki na mashua yake, Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Alipofika penye mlango wa mto Simiyu alidhani amepata chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba chanzo cha mbali zaidi upande wa kusini kiko Burundi, katika mito inayoishia Kagera. Hata hivyo Stanley hakukosea katika jambo moja: maji ya mvua inyeshayo Meatu huweza kufika Misri. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Wakulima wa Kisukuma walioishi pande hizi hawakuitazama nchi kama alivyoitazama Stanley. Wao waliipima kwa udongo. Juu, penye mawe, kuna luseni, udongo wa mchanga ulio mwepisi kwa jembe la mkono. Chini yake itogolo, mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Na bondeni mbuga, udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo na kupasuka jua likiwaka. Pamba ilipoenea, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, kila aina ya udongo ilipata thamani mpya, na leo Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Ufuko wenyewe ulikuwa wa wavuvi na wachunga ng'ombe. Mahali palipopata sifa mapema zaidi upande huo ni Nassa. Wamisionari wa CMS walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, wakati ziwa lilipokuwa ndilo barabara, na mwaka 1909 kituo chao kikapokelewa na Africa Inland Mission. Kanisa la Africa Inland Tanzania huhesabu mwanzo wake kutoka hapo.

Lamadi haikujengwa na wamisionari wala na ziwa. Ilijengwa na barabara. Nyashimo ndiyo makao makuu ya wilaya na ndiko ziliko ofisi, lakini basi la Mwanza, lori la pamba, gari la watalii na abiria wa Bariadi hukutana Lamadi, na mahali wasafiri wanapokutana hapakosi mama lishe na nyumba ya wageni. Lami ilipofika hadi Bariadi mji ulipanuka mbio, kwa maoni yangu mbio kuliko mipango yake. Mtu akiingia kwa basi huweza kupita Lamadi nzima asijue kwamba kuna ziwa nyuma ya maduka.

Na ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja. Wanajiolojia waliotoboa tope la chini yake wamegundua kwamba kiasi cha miaka 15,000 hivi iliyopita lilikauka, kisha likajaa upya. Si ajabu, kwani ni sahani pana yenye maji haba: eneo lake ni zaidi ya kilometa za mraba 68,000, lakini kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua maji kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwezi Mei 2020 kiwango hicho kilivukwa, na mwaka 2024 maji yakapanda tena. Kwenye ufuko wa mteremko mkali mita 2 si kitu. Kwenye tambarare kama ya Busega ni mashamba na vibanda vya mwaloni. Ninapoona mtu anajenga leo mahali palipokuwa chini ya maji 2020, nakumbuka Dunwich.

Samaki nao wamebadilika. Babu zetu walikula furu na sato. Sangara aliingizwa ziwani kutoka upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, akazaliana kupita kiasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na samaki bora akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki kwa mwananchi wa kawaida ni dagaa, anayevuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi za umeme wa jua. Dagaa ndiye mjumbe wa ghuba aliyekuwa akifika Bariadi kila wiki, hata kabla ya lami.

Maji hayakufika. Hapa ndipo Nile inaporudi. Mwezi Mei 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanganyika ikiwamo, kusijengwe chochote juu ya Nile, matawi yake au maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Misri. Mkulima wa Busega hakuulizwa. Tulipopata uhuru, Serikali ya Tanganyika ilitamka mwaka 1962 kwamba mapatano hayo hayaifungi nchi huru. Huo ndio msimamo uliokuja kuitwa Kanuni ya Nyerere, na wanafunzi wa sheria huusoma hadi leo duniani kote. Lakini kutamka ni jambo moja na kulaza bomba ni jingine. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya Tanzania kuanza kujenga bomba kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, na Misri ililalamika. Kufikia 2009 maji ya ziwa yalikuwa yakitoka mabombani Shinyanga na Kahama. Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa mmoja na miji hiyo na iko karibu zaidi na ufuko, ilibaki na visima.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, na Ujerumani ikaongeza zake kupitia benki ya KfW, pamoja na mchango wa Serikali yetu, ili maji yavutwe kutoka ufuko wa Busega hadi Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu katika awamu ya pili. Mkataba mpya wa nchi za Bonde la Nile, ambao Tanzania ilitia sahihi mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024. Ujenzi umeanza. Katika kazi yangu nimeona miradi mingi ikianza, kwa hiyo nitasema hivyo tu.

Jirani yetu mwingine naye anayataka maji hayo. Wanyama wa Serengeti wakati wa ukame huelekea ghubani, na katika kata ya Nyatwali, upande wa Bunda, Serikali iliamua kuwahamisha wakazi kwa fidia ili ukanda huo uwe njia ya wanyama hadi ziwani. Mkutano wa tembo na shamba la pamba ni habari ya kawaida pande hizo, na mwenye shamba hushindwa mara nyingi.

Wapo bado wazee Nyashimo na Lamadi wanaokumbuka maji yalikofika miaka ya 1960. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne mtakaokwenda likizo Busega, waulizeni wawaonyeshe mahali hapo, mpime kwa hatua hadi ukingo wa sasa, kisha mleteeni mhariri hesabu hiyo kwa toleo lijalo.