Filimbi ya jazz na kikonyo cha papai



Siku ile tulikutana kushangilia wenzetu waliomaliza licence, kijana wa muziki alituwekea Watermelon Man ya Herbie Hancock, ile ya disiki Head Hunters ya mwaka 1973. Mabishano yakaanza palepale. Mwanzoni kabisa, mbele ya besi kuingia, ni nani anapuliza ile filimbi? Mmoja akasema ni mashine. Mwingine akaapa kwamba ni mtoto. Niliahidi kujibu kwa maandishi, juu ile jioni hakuna mtu alikuwa anasikiliza mwenzake.

Jibu fupi: si mashine, si mtoto, na wala si filimbi. Ni mtu mzima, Bill Summers, mpiga ngoma wa Hancock, anapuliza chupa ya bia. Jibu refu linapitia New York, Los Angeles na Zaria, halafu linaturudisha porini, karibu na kwetu. Mimi ni mtu wa agronomi, si wa muziki, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya mashamba na nota.

Kwanza tusafishe jina. Kwetu neno jazz liko kwenye majina ya orkestra: African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco. Hao walipiga rumba, na waliipiga vizuri kuliko wote. Jazz ninayoongea hapa ni ile ya weusi wa Marekani, iliyoota New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20.

Na mule ndani filimbi ilichelewa sana. Juu ya nini? Muziki ule ulikulia barabarani, kwenye mazishi, kwenye masherehe, kwenye kumbi za dansi zenye kelele. Tarumbeta inasikika hata nyumba ya kumi. Klarineti na saksofoni ziko na kipande cha tete kinachotetemeka mdomoni, na tete, kwa wale waliosahau somo la botania, ni ndugu ya muhindi na muwa. Filimbi haina kipande hicho. Iko na ukingo wa tundu tu: pumzi inapasuka pale, nyingine inaingia, nyingine inapotea hewani. Kwenye nota za chini ni kama mtu anaongea siri. Weka mtu wa namna hiyo kati ya tromboni na ngoma, hutamsikia mpaka kesho.

Kilichomwokoa ni mikro. Tangu 1925 studio za Marekani zilianza kurekodi kwa umeme, na sauti ndogo ikapata fasi. Miaka miwili tu nyuma ya hapo, 1927, kijana Mkuba Alberto Socarrás alifika New York. Kwao Cuba filimbi haikuwa kitu cha kushangaza. Orkestra za charanga zinaiweka mbele kabisa, pamoja na violoni. Mwaka 1929, pamoja na Clarence Williams, alirekodi wimbo Have You Ever Felt That Way? na ndani yake akapiga solo ya filimbi. Wengi wanahesabu solo za filimbi za jazz kuanzia kwake. Nyuma yake alikuja Wayman Carver, kwenye orkestra ya Chick Webb mule Harlem, orkestra ileile iliyomlea Ella Fitzgerald. Mnamo 1937 Webb alitoa kikundi kidogo ndani ya orkestra, filimbi ya Carver ikizungumza na klarineti. Ilipendeza, lakini haikuzaa wafuasi wengi wakati ule. Carver akaishia kuwa mwalimu mule Atlanta.

Sasa angalieni jambo moja. Karibu wote hao walikuwa watu wa saksofoni pia. Filimbi ilikuwa kama maharagi unayopanda katikati ya mihindi: muhindi ndio unalisha nyumba, maharagi yanaziba pengo. Mwanamuziki mwenye vyombo viwili alipata kazi mahali ambapo mwenye kimoja alirudishwa. Frank Wess aliingia kwa Count Basie mwaka 1953 kama mtu wa saksofoni, na filimbi yake ikawa moja ya alama za orkestra ile. Buddy Collette wa Los Angeles ni mfano mzuri zaidi. Mji wake ulikuwa na sendika mbili za wanamuziki, moja ya wazungu na moja ya weusi, na kazi nono za studio zilibaki upande wa wazungu. Collette na wenzake walipigana mpaka sendika hizo zikaunganishwa, mwaka 1953. Aliingia mpaka kwenye orkestra ya televisheni, na mtu mwenye saksofoni, klarineti na filimbi mkononi si rahisi kumwambia kwamba hakuna nafasi. Herbie Mann ni mmoja kati ya wachache wenye majina makubwa walioachilia saksofoni na kuishi kwa filimbi. Iliuzika sana. Mimi simsikilizi mara nyingi, ladha yangu iko pengine.

Ladha yangu iko kwa Eric Dolphy na Roland Kirk.

Dolphy pia alikuwa wa Los Angeles. Mwaka 1958 aliingia kwenye kikundi cha Chico Hamilton, kile ambacho Collette alikuwa amekianza na filimbi yake. Alieleza mwenyewe kwamba alipokuwa akijifunza nyumbani, ndege walikuwa wanapiga filimbi pamoja naye, na yeye anaacha kazi aliyokuwa nayo anapiga pamoja nao. Mtu aliyewahi kulinda shamba la mpunga anajua kwamba ndege hawaimbi juu ya nota za piano. Wanapita katikati yake. Dolphy aliitafuta ile katikati. Tarehe 2 Juni 1964, mule Hilversum, Uholanzi, alirekodi You Don't Know What Love Is kwa filimbi, zaidi ya dakika kumi. Siku 27 nyuma ya hapo alikufa Berlin, ugonjwa wa sukari, akiwa na miaka 36. Disiki ile inaitwa Last Date. Msiisikilize mkiwa mnapika.

Rahsaan Roland Kirk alikuwa kipofu tangu utoto, mtoto wa Columbus, Ohio. Watu wanamkumbuka juu alikuwa anapuliza saksofoni tatu kwa mara moja, na wengine walimchukua kama mtu wa sirki. Kosa kubwa. Mwaka huohuo wa 1964 alirekodi I Talk with the Spirits, disiki nzima ya filimbi. Pale utasikia kitu ambacho kinabadilisha mambo yote: Kirk anapuliza na kuimba kwa wakati mmoja, ndani ya tundu lilelile. Ananung'unika, anaguna, anasema neno, na filimbi inabeba vyote. Sam Most alikuwa ameshajaribu njia hiyo miaka ya 1950, lakini Kirk aliitia damu. Ile sauti nyembamba iliyokuwa inafunikwa na tromboni sasa iko na koo la mtu nyuma yake, iko na mchanga ndani. Waingereza wa Jethro Tull waliichukua njia hiyo na wimbo wake mmoja pia, 1968, na kwa heshima yao waliacha jina la Kirk juu ya wimbo. Mwaka 1975 kiharusi kilimpooza Kirk upande mmoja. Akarekebisha vyombo vyake, akaendelea na mkono mmoja, mpaka Desemba 1977. Alikuwa na miaka 42.

Kuna na Yusef Lateef, mtu mpole, mwenye kujichongea filimbi zake kwa mianzi. Yeye hakuridhika kuwaza Afrika kutoka mbali. Miaka ya 1980 alihamia Nigeria, kwenye chuo kikuu cha Ahmadu Bello mule Zaria, akakaa miaka karibu mine akichunguza sarewa, filimbi ya wachungaji Wafulani. Alikuwa na zaidi ya miaka 60 na jina kubwa kwao, na bado akakaa chini kujifunza kwa wachungaji. Hapo namvulia kofia.

Turudi sasa kwa ile chupa.

Bill Summers hakubuni kile alichopiga. Mwaka 1966 ilikuwa imetoka disiki ya muziki wa Ba-Benzélé, watu wa msitu wa Afrika ya Kati, waliorekodiwa na Simha Arom na Geneviève Taurelle. Hao si wa nchi yetu, ni majirani, ng'ambo ya Ubangi. Ndani ya disiki ile iko hindewhu: filimbi ya nota moja tu. Mpulizaji anapuliza nota ile, halafu haraka anaimba nyingine kwa sauti yake, anarudi kwa filimbi, anarudi kwa koo, na haraka ile inafanya usijue tena wapi filimbi inaishia na wapi mtu anaanzia. Summers aliiga hiyo, akaweka chupa mahali pa filimbi. Sisemi kwamba Kirk aliiga pia; disiki yake ilirekodiwa miaka miwili mbele ya ile ya Arom. Lakini kile ambacho Marekani ilihitaji karibu miaka arobaini kukifikia, kuweka koo ndani ya filimbi, watu wa msituni walikuwa nacho tayari, na bila mikro.

Mwaka 1994 Madonna alichukua kipande cha Watermelon Man akakitia kwenye wimbo wake Sanctuary. Angalia majina ya watunzi: Hancock yumo, na ni haki yake. Ba-Benzélé hawamo. Mtafiti Steven Feld alikuwa ameshamuuliza Hancock juu ya kuiga hindewhu, na yeye akajibu kwamba ni mambo ya ndugu kwa ndugu, ya kutengenezwa kati yao. Ninaelewa anachotaka kusema. Babu zake hawakuvuka bahari kwa kupenda. Lakini ndugu akivuna kwenye shamba la ndugu, jioni anapita kusalimia. Na wimbo bado naupenda, sitadanganya.

Hindewhu inatengenezwa na nini? Na papai. Kikonyo cha jani, ule mrija mtupu ambao sisi wote tulipuliza tukiwa watoto. Na papai si mti wa kwetu: ulitoka Amerika ya Kati, ukavuka bahari na meli za Wareno na Wahispania, ukapokelewa porini, ukafanywa muziki, na muziki ukarudi Amerika ndani ya chupa ya bia.

Jumapili nilikata kimoja nyuma ya nyumba, nikamwonyesha mtoto wa dada yangu. Unachagua jani lililokomaa lakini bado bichi, unakata pande mbili, unaziba chini kwa kidole, unapuliza juu ya ukingo kama chupa. Nota moja ilitoka, safi. Mtoto akaniuliza zingine ziko wapi, nikamwambia aimbe. Kesho yake kikonyo kilikuwa kimenyauka, akaenda kukata kingine.