Nyuma ya Picha: Historia Fupi ya Karatasi Zifunuliwazo katika Albamu

Katika nyumba nyingi za Kampala, mgeni akishakaribishwa na kuketi, hupewa albamu ya picha aitazame wakati chai ikiandaliwa. Yeye huuliza huyu ni nani na yule ni nani, na mwenyeji humjibu kwa kumbukumbu. Lakini mwenye kumbukumbu akifariki, nani atajibu? Makala haya yanakusudia kueleza asili ya vipande vya karatasi vifunuliwavyo na vivutwavyo katika vitabu na albamu, na kuonyesha kwamba kazi yake kubwa si pambo, bali ni kuhifadhi maneno ya picha.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alituletea albamu ya marehemu babu yake, aliyekuwa askari wa KAR na kupigana Burma mwaka 1944. Picha moja ilionyesha vijana wawili wenye sare. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi, ila pembe yake moja ilikuwa imeachia, na chini yake tuliona wino. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, wala si ajabu, kwani hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha askari wa Uganda na wenzao wa Kenya na Tanganyika. Tukaingiwa na tamaa ya kusoma, tukaibandua kwa kisu. Karatasi ikachanika. Yalisalia maneno mawili tu: “Kumbuka rafiki.” Jina la rafiki huyo lilibaki kwenye gundi, na hakuna aliye hai anayelijua.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, watu wa kale waliwezaje kuweka jambo juu ya jambo katika ukurasa mmoja bila kuliua la chini?

Jibu ni la zamani sana. Katika karne ya 13, mtawa Matthew Paris wa Uingereza alitia katika vitabu vyake vya historia ramani zenye vipande vya kukunjua na gurudumu la kuzungusha. Mwaka 1540 Petrus Apianus, Mjerumani, alichapisha kitabu cha nyota chenye magurudumu ya karatasi yaliyopangwa moja juu ya jingine, ili msomaji akokotoe mahali pa sayari kwa kidole chake. Ni dhahiri kwamba mambo hayo hayakuwa michezo ya watoto. Yalikuwa vyombo vya elimu.

Picha za kamera zilipokuja, haja ile ile ilizuka. Mwaka 1854 Disdéri, mpiga picha wa Paris, alipata hataza ya picha ndogo zilizogandishwa juu ya kadi. Muda si muda zikatengenezwa albamu za kurasa nene zenye mifuko, ambamo kadi ilichomekwa na kuchomolewa. Aliyetaka kusoma nyuma aliichomoa, akasoma, akairudisha.

Kwetu Uganda, mwaka 1875 Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa wa Kwanza pamoja na wakuu wake. Waganda waliita picha ekifaananyi, neno litokanalo na kufanana, ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja. Basi picha ni kifani cha mtu. Lakini kifani kisicho na jina ni cha nani?

Baadaye zikaenea albamu za karatasi nyeusi zenye vipembe vya kushikia picha, ambavyo navyo viliruhusu picha kutolewa. Balaa lilikuja na albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu yake, zilizopendwa mno katika miaka ya 1970. Zilikuwa rahisi kutumia, lakini gundi ile hugeuka manjano, hushika picha, na huzika maandishi.

Leo mafundi wa Kampala hutengeneza albamu za mkono zenye jalada la mbugu, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Karatasi nzito na wajuzi wa kujalidi hupatikana Nasser Road, mtaa mashuhuri kwa uchapaji. Tunavyo vyote, ila desturi.

Njia ni nyepesi. Picha ishikwe kwa vipembe vinne juu ya kadi, na kadi ikatwe dirisha mahali penye maandishi ya nyuma. Ukingo wa juu wa kadi uunganishwe na ukurasa kwa ukanda wa karatasi uliokunjwa, uwe bawaba. Msomaji akiinua kadi, atasoma. Karatasi, kama ubao, ina mkondo wa nyuzi. Ukanda ukunjwe kuufuata, usije ukapasuka. Gundi iwe uji mzito wa wanga, ambao hulainika kwa maji. Na kwa kuwa kadi huongeza unene, vitambaa vyembamba vya karatasi vishonwe kati ya kurasa, karibu na mgongo, albamu isiachame.

Walimu wenzetu, tangu mwaka 2011 mradi wa History in Progress Uganda umekuwa ukikusanya picha za zamani za nchi yetu na kuzionyesha kwa umma. Kazi hiyo ni njema, lakini haiwezi kuingia kila nyumba. Wanafunzi wetu wanaweza. Somo moja la insha lingetosha: kila mmoja aombe nyumbani picha moja, amwulize mzee majina, ayaandike kwa penseli laini, kisha aitengenezee bawaba. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Yule rafiki wa Burma alikuwa na jina. Sisi ndio tulioliacha kwenye gundi.