Namba iliyojificha kwenye mashimo ya bao

Kilomita chache kutoka Nakuru, kwenye barabara ya Nairobi, kuna Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi. Jumba lake la makumbusho lilifunguliwa 1965, na mwaka 2025 lilitimiza miaka 60. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kilima hicho 1926, mwenzake Mary Leakey akakichimba 1937 na 1938, na 1943 kikatangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Mary aliyaona mashimo makubwa ya kilimani, yanayohusishwa na watu wa kale waitwao Wasirikwa, kuwa makazi ya watu. Miaka mingi baadaye mwanaakiolojia John Sutton akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Hapo hapo kilimani kuna vishimo vingine, vidogo, vilivyochongwa katika mwamba: ni vya bao. Hivi havijapata mabishano ya kutosha.

Chukua bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Namua, yaani awamu ya kuingiza kete, ikiisha, na mtaji, awamu ya pili, unapoanza, kete zote ziko ubaoni. Je, zinaweza kugawanyika mashimoni kwa njia ngapi? Zipange kete zote mstari mmoja, kisha zitenganishe kwa vijiti 31 ili upate mafungu 32, hata matupu yakiwemo. Nafasi ni 95, na kazi ni kuchagua 31 za vijiti. Jibu ni hili:

9,900,582,591,005,555,469,968,805.

Si kila mpangilio hapo hufikiwa na mchezo halali, lakini hiyo ndiyo jumla ya mipangilio yote. Wengi wanaijua hadithi ya nafaka inayoongezwa maradufu kwenye kila chumba cha sataranji hadi cha 64. Namba ya bao inaipita jumla ya nafaka zile zaidi ya mara 536,000.

Umbo lake linashangaza kuliko ukubwa wake. Bao limejengwa kwa mbili tupu: 32 ni mbili tano zilizozidishwa pamoja, 64 ni mbili sita. Ungetarajia jibu ligawanyike kwa mbili tena na tena. Wapi! Ni namba witiri. Mjerumani Ernst Kummer alieleza sababu mwaka 1852: andika 31 na 64 kwa tarakimu za 0 na 1, zijumlishe, uhesabu ni mara ngapi unabeba; idadi hiyo ndiyo mara ambazo mbili inaligawa jibu. Hapa hubebi hata mara moja, kwa hiyo mbili haimo kabisa. Ukijaribu vivyo hivyo kwa namba tasa nyingine, unapata 17 zinazoigawa, kuanzia 3 hadi 89, na hakuna hata moja inayojirudia.

Wanafunzi wa Kenya hukutana na pembetatu ya Pascal katika kidato cha tatu, na hesabu hii imo humo humo. Inauma wa Nakuru wakiisoma kwenye ubao wa darasani tu, ilhali mwamba wa Hyrax Hill uko karibu. Wangeanza na kete 4 katika mashimo 3, wazihamishe kwa mikono yao mpaka njia zote 15 zionekane.