Posa ya Meja

Mnamo mwaka 1849, katika maonyesho ya Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Saint Petersburg, ambako kazi za wachoraji wengi zilitundikwa pamoja, watu walisongamana mbele ya picha moja ndogo isiyofikia mita moja kwa upana. Mchoraji wake, Pavel Fedotov, alikuwa ofisa wa kikosi cha walinzi, aliyeacha jeshi mwaka 1844 ili ashike kalamu na rangi. Jina la picha twaweza kulifasiri kuwa Posa ya Meja.

Tuitazame. Tumo sebuleni mwa mfanyabiashara tajiri. Mshenga, naye ni mwanamke, ameingia kutangaza kwamba mposaji amefika. Na kweli, mlangoni anaonekana meja akisokota masharubu. Baba wa nyumba anahangaika kufunga vifungo vya koti lake. Binti, aliyevikwa gauni la dansi mchana kweupe, anataka kukimbia, na mama amemkamata gauni kwa nyuma. Mpishi anaandaa mkate mkubwa uliojazwa kitoweo. Sakafuni paka anajilamba uso, jambo ambalo kwa Warusi ni dalili ya ujio wa mgeni.

Kichekesho hiki kina mizizi katika sheria. Urusi ya wakati ule iliwapanga watu kwa madaraja, na mke alifuata daraja la mumewe. Kwa amri ya mwaka 1845, umeja ndio uliokuwa cheo cha chini kabisa jeshini cha kumpatia mtu uungwana wa kurithisha wanawe. Mfanyabiashara alikuwa na fedha, lakini uungwana hakuwa nao. Meja alikuwa na uungwana, na mifuko mitupu. Kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenziwe, na daraja la kuwaunganisha lilikuwa ni msichana yule anayevutwa gauni.

Hapa mwalimu wa Kiswahili atakayewaeleza wanafunzi wake picha hii hana budi kujihadhari na neno mahari. Mahari hutoka kwa mume. Katika desturi ya Warusi hao, mali ilitoka nyumbani kwa binti ikaenda kwa mume. Tukisema meja ameleta mahari, maana yote imepinduka: meja hakuja kutoa, amekuja kupokea. Afadhali tuseme kwa urefu, ‘mali anayokwenda nayo bibi arusi’. Hata mshenga wetu si yule wao hasa. Huku pwani mshenga ni mtu wa heshima anayeaminiwa na pande zote mbili. Mwanamke wa Fedotov anaifanya kazi hiyo kwa ujira, na furaha yake mlangoni ni ya mtu anayeona malipo yake yamekaribia.

Fedotov hakuridhika na rangi peke yake. Alitunga mashairi ya kuieleza picha, habari za meja anayetaka kutengeneza hali yake kwa kuoa, akayasoma mwenyewe mbele ya watazamaji. Tukumbuke kwamba mwaka huohuo wa 1849 serikali ya mfalme Nicholas wa Kwanza ilimkamata Dostoyevsky na wenzake kwa ajili ya mazungumzo ya siasa. Kwa maoni yetu, picha ilipita salama kwa kuwa dhihaka yake ilibaki sebuleni. Lakini madaraja yaliyochekwa humo yalikuwa ni nguzo za dola yenyewe. Chuo kilimpa Fedotov hadhi ya mwanachuo kwa kazi hiyo. Fedha haikufuata. Alifariki mwaka 1852 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na umri wa miaka 37, bila ya kuoa.

Baadaye, katika maonyesho ya Chuo hichohicho ya mwaka 1863, Vasily Pukirev alionyesha Ndoa Isiyolingana. Hapo hakuna paka wala mkate. Tumo kanisani: bwana arusi ni mzee mwenye nishani kifuani, bibi arusi ni msichana mwenye macho mekundu kwa kulia, anamnyooshea kasisi kidole avishwe pete. Katika mkono wake wa pili mshumaa umelegea, umeinama, karibu kuanguka.