Madaktari-Makatekista: Kutoka Malta hadi Karema

Zamani za wapagazi, msafara uliotoka pwani ulipofika kituo cha Tura ulikuwa umekwisha kuvuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa ya shida. Richard Burton, aliyefika hapo pamoja na Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina la mahali hapo ni amri: tua mzigo. Mpagazi alikuwa na frasila mbili hivi begani, yaani kilo zaidi ya 30, na aliubeba mzigo huo kutwa nzima, miguu ikichomwa miiba. Kilichomkwamisha kingeweza kuwa kidonda tu cha kifundo, kikavimba, kikatoa usaha, asiweze tena kwenda.

Kwa njia hiyohiyo wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe, kumi wa kwanza, waliingia bara mwaka 1878, na Padri Pascal, mkuu wa kundi lililokuwa likienda Ziwa Tanganyika, alifia njiani kabla ya kufika Tabora. Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers aliyeliasisi shirika hilo mwaka 1868, aliona kwamba Wazungu peke yao hawataiweza kazi ya umisionari. Akataka madaktari wawe Waafrika wenyewe, waishi kama wenyeji wanavyoishi, watibu na kufundisha dini. Mwaka 1881 akafungua chuo Malta kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani. Hakikuwa chuo kikubwa, wala hakikudumu sana. Lakini mimi nakihesabu miongoni mwa taasisi zilizoitendea Tanzania mema makubwa, kwa ajili ya kijana mmoja aliyetoka humo.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na huko mapadri wakamkomboa kwa fedha. Malta alisomea udaktari. Mwaka 1888 akaishika njia ya misafara kuja bara, na mwanzoni mwa 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na ambayo Mapadri Weupe walikuwa wameipokea mwaka 1885.

Hakuhama tena. Alioa hukohuko, na mwanawe Joseph akapadrishwa mwaka 1923. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita, ukafuata wa Waingereza, na yeye alikuwa palepale akitibu.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa maana hapa ndipo penye utajiri. Kidonda cha mguu hakiponi siku moja. Mgonjwa hukaa juu ya kigoda, na anayetibu hushuka chini yake. Kitambaa cha jana kimegandamana na nyama, hivyo hulowekwa kwa maji ya uvuguvugu kwanza, kisha huvutwa polepole. Harufu hupanda. Kidonda huoshwa, huwekwa dawa, hufungwa upya. Kesho ni hivyohivyo, na keshokutwa. Kila Alhamisi Kuu tunamwona padri akipiga magoti mbele ya watu kumi na wawili na kuwaosha miguu, na miguu hiyo mara nyingi imekwisha kuoshwa nyumbani kabla ya kuja kanisani. Yesu, aliyejifunga kitambaa kiunoni usiku wa Karamu ya Mwisho, aliosha miguu yenye vumbi la njia. Daktari wa Karema aliosha miguu yenye donda, na hakuwa na Alhamisi moja tu.

Wala hakuacha kuwa katekista. Mgonjwa aliyekuja kufungwa jeraha na mtu aliyekuja kufundishwa sala walimkuta yuleyule, mwenye mikono ileile.

Mtoto aliyevushwa jangwa kama shehena ya wengine alitumika Karema miaka 67. Alifariki hapohapo Aprili 1956.