Jinsi mwamuzi wa vikapu shuleni anavyopanda ngazi

KATIKA michezo ya shule za upili nchini, kipenga kimoja chaweza kuzima ndoto ya timu nzima. Mashindano huanzia katika kiwango cha zoni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye taifa. Timu inayobanduliwa njiani husubiri mwaka ujao, na kwa mwanafunzi aliye katika mwaka wake wa mwisho, mwaka ujao haupo.

Ndiyo maana uamuzi wa mpira wa vikapu ni taaluma ya kujifunza, wala si kazi ya yeyote aliye na kipenga mfukoni. James Naismith alipobuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mwaka wa 1891, kanuni zake 13 za kwanza tayari zilitaja waamuzi wawili: mmoja wa kuwachunga wachezaji, mwingine wa kuuchunga mpira.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mezani. Hapo anayeanza hujifunza kujaza karatasi ya alama, kuendesha saa ya robo nne za dakika 10 kila moja, na kuhesabu sekunde 24 ambazo timu hupewa kurusha mpira kapuni. Mchezaji akifikisha makosa matano hutoka. Hivyo basi, karani anayekosea hesabu aweza kumfukuza uwanjani mtoto asiye na hatia.

Hatua ya pili ni kusoma kanuni kwa kina, hasa zinazohusu kugusana. Mwamuzi mchanga hufuata mpira kwa macho. Aliyekomaa humtazama mlinzi. Je, mlinzi alikuwa amemkabili mshambuliaji, na miguu yake yote miwili kukanyaga sakafu, kabla ya kugongana? Akijibu swali hilo, amekwisha kujua nusu ya uamuzi wake.

Hali kadhalika, mchezaji aliyeruka ana haki ya kutua bila mpinzani kumwingilia akiwa hewani na kuweka mguu pale anapotua. Kulinyamazia kosa hilo hakupotezi pointi pekee, bali kwaweza kuvunja kifundo cha mguu au kuharibu goti la mwanafunzi.

Kanuni hubadilika pia. Mwaka wa 2017, Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA) lilirekebisha sheria ya kutembea na mpira. Mchezaji anayeudaka akiwa mbioni, huku mguu mmoja ukigusa sakafu, sasa huruhusiwa hatua mbili zaidi. Mwamuzi ambaye hajarudi kitabuni tangu wakati huo huwaadhibu wasiokosea.

Baada ya kanuni huja mahali pa kusimama. Waamuzi wakiwa wawili, mmoja hutangulia chini ya kapu na mwenzake hubaki nyuma ya mashambulizi, kila mmoja akilinda sehemu yake. Ishara nazo sharti zisomeke na wote: ngumi juu kwa kosa la kugusana, kiganja wazi kwa ukiukaji mwingine. Anayechoka mbio katika robo ya nne huamua kwa kubahatisha, kwa kuwa yuko mbali na tukio.

Mtihani mgumu zaidi huenda ukawa wa hulka. Makocha hulalamika na mashabiki huzomea, na vijana wengi huacha kazi hii mapema kwa sababu hiyo. Mwamuzi stadi hujibu swali la heshima kwa maneno machache, huonya inapohitajika, na hutoa adhabu ya utovu wa nidhamu onyo likipuuzwa. Halipizi kisasi kwa kipenga.

Aidha, waamuzi wengi wa michezo hii ni walimu. Anayepangiwa mechi ya shule anakofunza afadhali aombe kubadilishiwa, kwani hata akiamua kwa haki, upande wa pili hautamwamini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kupanda huomba mwamuzi mkongwe amtazame, hurekodi mechi zake kwa simu na kuzichambua, kisha huchagua dosari moja ya kurekebisha kabla ya mechi inayofuata. Akikosea hukiri kwa wenzake, akajifunza.

Juu ya michezo ya kitaifa kuna ile ya shule za Afrika Mashariki (FEASSA), ambayo mwaka wa 2023 ilichezewa mjini Huye, Rwanda. Nje ya shule kuna ligi za Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF). Leseni ya FIBA nayo haipatikani bila mwamuzi kupendekezwa na shirikisho la nchi yake.

Hata hivyo, sifa ya mwamuzi hujengwa katika mechi ndogo za zoni, kwenye uwanja wa saruji usio na kamera. Wanafunzi wanaocheza pale wanastahili haki ileile wanayopata wachezaji wa fainali.